Kwa nini chanjo ya homa ya mafua hubadilishwa kila mwaka, na inamhusu vipi mtu wa Mvumi

- Kirusi cha homa ya mafua hukosea kila kinapojinakili. Makosa hayo ndiyo yanayokifanya kiipite kinga uliyoipata mwaka jana.
- Wataalamu huchagua virusi vya kuwekwa kwenye chanjo miezi kadhaa kabla ya msimu. Wakati mwingine kirusi hubadilika baada ya uamuzi huo.
- Chanjo isiyolingana sawasawa na kirusi bado hupunguza wagonjwa mahututi na vifo, lakini Tanzania haijaiweka kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo.

Mvumi, Dodoma. Ukiugua surua utotoni ukapona, kwa kawaida umemalizana nayo maisha yako yote. Lakini homa ya mafua haina adabu hiyo. Mwaka huu inakulaza siku nne, mwakani inarudi, na mwaka wa tatu inamkuta bibi nyumbani na kumpeleka hospitali.

Hilo si kwa sababu mwili wako umesahau. Mwili unakumbuka vizuri tu. Shida ni kwamba kirusi kinachorudi si kile kile kilichoondoka.

Kulielewa hilo kunasaidia kujibu swali ambalo watu wengi hujiuliza: kama chanjo ipo, kwa nini watu waliochanjwa bado wanaugua? Na kwa nini wenzetu wa nchi nyingine wanachanjwa kila mwaka badala ya mara moja tu?

Si kila mafua ni homa ya mafua

Tuanze na majina, maana hapa ndipo wengi tunapochanganya. Kwenye mazungumzo ya kawaida, pua ikitiririka tunasema "nina mafua". Mafua hayo ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi, na mara nyingi hupita yenyewe bila kukuzuia kwenda shambani.

Homa ya mafua, yaani influenza, ni kitu kingine. Huja kwa kishindo: homa kali, mwili wote kuuma, kichwa, kikohozi kikavu na uchovu wa kukuangusha kitandani. Kwa kuwa inaanza na homa, huku kwetu wengi hufikiria malaria kwanza. Kipimo kikionyesha huna malaria, swali la "sasa ni nini?" mara nyingi hubaki hewani.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), watu takriban bilioni moja huugua homa ya mafua kila mwaka duniani. Kati yao milioni 3 hadi 5 huugua vikali, na vifo vinavyotokana na matatizo ya upumuaji ni kati ya 290,000 na 650,000. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee, wajawazito na wenye magonjwa kama kisukari, moyo, pumu na Ukimwi.

Mwandishi mzembe asiyesahihisha kazi yake

Binadamu huugua zaidi aina mbili za kirusi hiki, A na B. Aina A ndiyo yenye vurugu zaidi, na ndani yake wanaozunguka kwa sasa ni H1N1 na H3N2.

Herufi hizo ni za protini mbili zilizo juu ya ganda la kirusi. H ndiyo inayokisaidia kushika seli za koo na mapafu yako na kuingia ndani. N inavisaidia virusi vipya kujinasua ili viende kushambulia seli nyingine.

Kirusi kikishaingia ndani ya seli hujinakili mara maelfu. Maelekezo yake yameandikwa kwenye vipande 8 vya RNA, na hapo ndipo penye siri yote. Seli zetu zinaponakili DNA zina utaratibu wa kukagua na kusahihisha makosa. Kirusi cha influenza hakina ukaguzi huo. Ni kama mtu anayenakili daftari la mwenzake usiku, haraka haraka, bila kurudia kusoma alichoandika.

Makosa mengi hukiharibu kirusi chenyewe na kinaishia hapo. Lakini mara moja moja kosa hutokea kwenye protini H, likaibadilisha umbo kidogo tu, na kirusi kikaendelea kufanya kazi. Hilo ndilo kosa lenye faida kwake.

Ng'ombe, chapa na mlinzi wa shamba

Kwa nini faida? Chukua mfano wa hapa hapa Ugogo, kwenye mifugo na mtama.

Una shamba la mtama na umeweka mlinzi. Umemwambia: kuna ng'ombe wenye chapa ya duara, ndio wanaomaliza mazao, ukiwaona fukuza. Mlinzi huyo ndiye kingamwili za mwili wako, na chapa ni ile protini H. Chanjo ni picha ya chapa unayomwonyesha mlinzi kabla ng'ombe hawajafika.

Sasa tuseme, kwa ajabu, kila ndama anazaliwa na chapa iliyopinda kidogo kuliko ya mama yake. Wale wenye duara safi wanafukuzwa. Yule ambaye duara lake lina mkia, mlinzi anasita: huyu ndiye au siye? Akisita, ng'ombe anaingia, anakula, anashiba na kuzaa. Mwakani kundi zima lina duara lenye mkia.

Hakuna ng'ombe aliyekaa akapanga kubadilisha chapa. Ulinzi wenyewe ndio uliochuja: wanaotambulika wakaondoka, wasiotambulika wakabaki. Virusi navyo havina akili wala mpango. Kadiri watu wengi wanavyokuwa na kinga dhidi ya kirusi cha jana, ndivyo chenye sura tofauti kidogo kinavyopata nafasi leo.

Haya ndiyo mabadiliko ya polepole, na hutokea kila mwaka. H3N2 ndiyo inayokimbia zaidi, aina B huenda taratibu. Lakini angalia jambo moja: mlinzi aliyesita si sawa na mlinzi aliyelala. Bado anaitambua sehemu ya ile chapa. Tutarudi hapo.

Mabadiliko ya ghafla, na kumbukumbu ya Mtunya

Kuna njia ya pili, isiyotokea mara nyingi lakini inayotisha zaidi. Kwa kuwa maelekezo ya kirusi yako kwenye vipande 8 vilivyotengana, virusi viwili tofauti vikiingia kwenye seli moja vinaweza kuchanganya vipande kama karata. Kirusi cha ndege na cha binadamu vikikutana, kwa mfano ndani ya nguruwe, kinaweza kutoka kirusi chenye chapa ambayo karibu hakuna binadamu aliyewahi kuiona.

Hapo hata mlinzi hodari anabaki kuduwaa. Mchanganyiko wa aina hiyo wa virusi vya ndege na vya binadamu ndio ulioleta mlipuko wa dunia wa mwaka 1957 na ule wa 1968. Kizazi cha kirusi cha 1968, H3N2, bado tunacho mpaka leo.

Mlipuko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa 1918. Afrika Mashariki uliingia kwa meli kupitia Mombasa mwezi Septemba mwaka huo, kisha ukasambaa kwa njia za reli, na kwa askari na wapagazi waliokuwa wakitoka kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kwa Ugogo, wakati ulikuwa mbaya kupita kiasi. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua wanaume, mifugo na chakula, na mvua nazo zikagoma. Ikaja njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo wazee wa Kigogo waliiita Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 wa eneo hili walikufa katika njaa hiyo. Homa iliwakuta watu wakiwa tayari wamedhoofika, na hapakuwa na chanjo wala dawa.

Mlipuko wa karibuni ni wa 2009, pale H1N1 mpya yenye vipande kutoka kwa nguruwe ilipogunduliwa Mexico na Marekani. Tanzania ilithibitisha mgonjwa wa kwanza Julai mwaka huo huo. Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulikuwa umefika hadi vijijini wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Kirusi hicho hakijaondoka. Siku hizi ni sehemu ya homa ya mafua ya kila mwaka.

Chanjo inapikwaje?

Tangu 1952, WHO ina mtandao wa maabara zinazofuatilia kirusi hiki duniani. Mgonjwa anachukuliwa sampuli kwa kijiti cha pamba puani au kooni, kirusi kinapimwa, jeni zake zinasomwa, kisha taarifa zinalinganishwa na za nchi nyingine.

Mara mbili kwa mwaka wataalamu hukaa kuamua. Mwezi Februari huchagua virusi vya chanjo ya nchi za kaskazini mwa dunia, na Septemba vya nchi za kusini. Ukiona jina kama A/Darwin/9/2021 usiogope. Maana yake ni aina A, kilichopatikana Darwin, Australia, sampuli namba 9, mwaka 2021.

Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu kutengeneza mamilioni ya dozi huchukua takriban miezi sita. Chanjo nyingi bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, kwa njia iliyoanza kutumika tangu miaka ya 1940.

Kwa hiyo uamuzi wa Februari unahusu kirusi kitakachotembea Novemba na Desemba. Ni kama mkulima wa Dodoma anayechagua mbegu kabla hajajua mvua za mwaka huo zitakujaje. Ana taarifa, ana uzoefu, lakini mvua haijanyesha bado.

Pale kirusi kinapoiacha chanjo nyuma

Mara nyingi makisio huwa karibu na ukweli. Chanjo na kirusi vikilingana vizuri, chanjo hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kumpeleka mtu hospitali kwa takriban asilimia 40 hadi 60.

Lakini msimu wa 2014 na 2015 ulikuwa mchungu. H3N2 ilibadilika baada ya chanjo kuchaguliwa, na nchini Marekani kinga ikashuka hadi asilimia 19.

Mayai nayo yana shida yake. Kirusi cha binadamu kikikuzwa ndani ya yai la kuku hulazimika kulizoea yai, na katika kulizoea kinaweza kubadilika kidogo. Yaani picha ya chapa inapinda kiwandani kabla haijamfikia mlinzi. H3N2 ndiyo inayosumbua zaidi kwa hili, na ndiyo maana baadhi ya viwanda sasa hutengeneza chanjo bila mayai.

Mfano wa karibuni ni wa 2025. Tawi jipya la H3N2 lililopewa jina K lilianza kusambaa baada ya chanjo ya kaskazini kuwa imeshapangwa. Wengi walidhani chanjo imeshindwa. Takwimu za mwanzo za Uingereza zikaonyesha vingine: bado ilipunguza watu kufikishwa hospitali, kwa zaidi ya asilimia 70 kwa watoto na kwa kati ya asilimia 30 na 40 kwa watu wazima.

Ndiyo yule mlinzi tuliyemwacha akisita. Ng'ombe wengine wamempita, ila shamba zima halikuliwa.

Na si kila badiliko huwa baya kwetu. Tawi moja la aina B linaloitwa Yamagata halijathibitishwa kuonekana tangu Machi 2020, wakati dunia ilipojifungia kwa sababu ya Uviko-19. WHO imeshasema halihitaji tena kuwekwa kwenye chanjo.

Asilimia 40 maana yake nini hasa?

Hapa ndipo taarifa nyingi za mitandaoni hupotosha. Kinga ya asilimia 40 haimaanishi kwamba katika watu 100 waliochanjwa, 60 wataugua.

Fanya hesabu hii ya mfano. Chukua watu 1,000 ambao hawajachanjwa, tuseme 100 kati yao wanaugua msimu huo. Sasa chukua 1,000 wengine waliochanjwa. Kinga ikiwa asilimia 40, watakaougua ni 60 badala ya 100. Watu 40 wamebaki salama, na kila mmoja wao ni mtu mmoja pungufu wa kukuambukiza wewe.

Pia waliochanjwa wakaugua, kwa kawaida huugua kwa unafuu. Kwa mtoto mdogo au mzee, unafuu huo unaweza kuwa tofauti ya kukohoa nyumbani na kuwekewa oksijeni wodini.

Ushahidi upo hata jirani. Utafiti uliofanyika Kibera na Lwak nchini Kenya kati ya 2010 na 2012, kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 10, ulionyesha chanjo ikipunguza homa ya mafua kwa karibu nusu.

Kwa nini inamhusu mtu wa Mvumi?

Virusi havikai mjini. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi walisoma jeni za H3N2 za pwani ya Kenya kuanzia 2009 hadi 2017. Waliona matawi mapya yakiingia kutoka nje mara kwa mara na kuyasukuma ya zamani.

Njia za kuingilia kwetu zimeongezeka. Mwaka 1918 kirusi kilipanda treni ya mvuke. Leo Dodoma ni makao makuu ya nchi, na tangu Julai 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa zisizozidi nne au hivi. Homa ya mafua inaambukiza hata siku moja kabla mtu hajaanza kujisikia vibaya. Mtu anaweza kupanda treni akiwa mzima kabisa, kumbe mzigo anao, na jioni yuko Mvumi anakula na familia.

Tanzania ilianza kufuatilia homa ya mafua kwa sampuli za hospitali mwaka 2008, na ina kituo cha taifa cha influenza chini ya maabara ya taifa jijini Dar es Salaam. Faida ya sampuli hizo si takwimu tu. Chanjo inachaguliwa kwa kuangalia virusi vilivyopimwa. Eneo lisilopimwa halionekani kwenye picha ile anayopewa mlinzi.

Tatizo letu lingine ni kalenda. Ulaya wana msimu mmoja wa baridi unaojulikana. Sisi wa ukanda wa joto homa ya mafua inaweza kuonekana karibu mwaka mzima, ikipanda na kushuka. Hivyo hata kuamua tutumie chanjo ya kaskazini au ya kusini, na tuchanje mwezi gani, kunahitaji takwimu zetu wenyewe.

Vipi kuhusu kuku?

Dodoma na Singida ndiko wanakotoka kuku wengi wa kienyeji wanaoliwa Dar es Salaam, kwa hiyo swali ni la haki. Kuku wengi wanapokufa kwa mpigo kijijini, mara nyingi mshukiwa ni kideri. Kideri si homa ya mafua ya ndege. Ni kirusi cha ukoo mwingine, na kina chanjo yake ya kuku.

Ila homa ya mafua ya ndege imeshafika ukanda huu. Januari 2017 Uganda iliithibitisha baada ya ndege wengi kufa kando ya Ziwa Victoria. Ndege wakifa kwa wingi bila sababu, usiwachinje wala kuwauza. Mwite ofisa mifugo wa kata, na usiwashike kwa mikono mitupu.

Ufanye nini sasa?

Chanjo ya homa ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini. Ukiitaka, ulizia kwenye hospitali kubwa au kliniki binafsi, na uulize ni ya msimu gani. Haiwezi kukuletea homa ya mafua, kwani chanjo ya sindano ina kirusi kilichouawa au vipande vyake tu. Kinga hujengeka baada ya wiki mbili hivi. Mjamzito akichanjwa humkinga na mtoto, ambaye chini ya miezi sita hawezi kuchanjwa mwenyewe.

Kama huwezi kuipata, yapo mengine yanayosaidia bila kujali kirusi kimebadilika vipi:

- Fungua madirisha na milango mchana. Nyumba za tembe zina matundu machache, hivyo mgonjwa alale sehemu yenye hewa na mbali kidogo na watoto na wazee.
- Nawa mikono kwa sabuni. Maji yakiwa ya shida, kibuyu chirizi kinatumia maji kidogo sana.
- Kohoa kwenye kiwiko au kitambaa, na usiende sokoni wala kanisani ukiwa na homa.
- Usinunue antibayotiki dukani kwa kubahatisha. Zinaua bakteria, hazigusi kirusi. Na usimpe mtoto aspirini.

Ziko pia dawa zinazopambana na kirusi chenyewe, ila hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Kwa hiyo anayechukuliwa kuwa katika hatari asisubiri wiki.

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya, au Hospitali ya Mvumi kama uko jirani, ukiona lolote kati ya haya: anapumua kwa shida au mbavu za mtoto zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, mtoto hanyonyi au anapata degedege, mtu mzima anachanganyikiwa, au homa iliyokuwa imeshuka inarudi kwa nguvu pamoja na kikohozi. Hiyo ya mwisho wengi huipuuza wakidhani ni "mafua yamejirudia". Mara nyingi ni nimonia imeingia, na hiyo inatibika ikiwahiwa.